Cha Shemeji

Fundi miwani alikuwa na daftari lenye jalada gumu, na ndani yake, katika mistari iliyopigwa kwa rula na wino mwekundu, aliandika vitabu vyote alivyokusudia kuvisoma kabla hajafa. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne. Daftari lilikuwa safi sana. Pembeni mwa kila ukurasa aliacha safu ya kutia alama ya vema, na safu hiyo ilikuwa safi kuliko zote.

Vitabu vyenyewe vililala mvunguni mwa kitanda, maana kabati lilikwisha kujaa zamani. Vilipangwa kwa zamu ya kuingia: cha kwanza kiko nyuma kabisa, kimeegemea ukuta, na vilivyofuata vimekizingira kwa mbele kama wajumbe wa kikao. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi hakuwa na ubishi na wahenga. Tatizo lake lilikuwa kiuno. Kiuno hichohicho kilimruhusu kupiga magoti dukani kutwa nzima akisaka skrubu ya fremu, kitu kisichozidi ukubwa wa chawa, lakini mbele ya vitabu kilikuwa na msimamo.

Mkewe alikuwa mkunga, mtu aliyezoea kuona mambo yakichukua miezi tisa na yakaisha. Alimwita Mkurugenzi wa Orodha, na alimwita hivyo mbele za watu.

Kwenye mstari wa kwanza wa daftari paliandikwa maneno mawili tu: Cha Shemeji.

Shemeji huyo alikuwa kaka wa mkunga, mpima ardhi. Alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenye akili, alijifungia chumbani miaka miwili akatoka na riwaya ya kurasa mia nne na kumi na mbili. Aliichapisha kwa kiinua mgongo chake, na nakala ya kwanza kabisa akaipeleka kwa fundi miwani. Ndani aliandika kwa mkono: Kwa shemeji yangu, msomaji.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Fundi alijulikana mtaani kuwa ni msomaji, na sifa hiyo hakuipata kwa hila. Ujana wake aliusoma wote. Watu walimuuliza habari za vitabu kama wanavyomuuliza daktari habari za mafua. Sasa, msomaji akisoma hana budi kusema, na akikikuta kitabu kibovu hana budi kusema hivyo. Na mtu akishamwambia shemeji yake kwamba miaka miwili ya kujifungia chumbani imepotea, Jumamosi atacheza drafti na nani? Maana kila Jumamosi, duka likifungwa saa saba, wawili hao walikaa nyuma ya kaunta na ubao wa drafti kati yao hadi jioni. Tangu ujana fundi alikuwa na orodha ya kila kitu maishani mwake, zote kwa rula na wino mwekundu, ya matengenezo ya nyumba, ya barua za kujibu, ya watu wa kuwatembelea. Drafti ya Jumamosi haikuwa kwenye orodha yoyote, na ndiyo pekee iliyofanyika bila kukosa.

Kwa hiyo hakukisoma kitabu. Alinunua daftari jipya, akapiga mistari, akakiandika. Hivyo ndivyo orodha ya vitabu ilivyozaliwa; vile vingine mia mbili na kumi na vitatu vilikuja baadaye kukisindikiza.

Mwezi mmoja ulipopita, shemeji aliuliza, macho yake yakiwa kwenye ubao, kile kitabu vipi. Fundi akamjibu kwamba kile si kitabu cha kusoma haraka haraka. Shemeji alimtazama kidogo, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo zito, akasogeza kete. Hakuuliza tena. Kwa bahati njema, tangu mwaka huo mkono wa fundi katika drafti ulikomaa. Alishinda Jumamosi hata Jumamosi, na alipoulizwa siri alisema ni umri, akili hutulia.

Changamoto za kila mwaka zilianza pale binti yake, anayefanya kazi mji mwingine, alipomtumia kwenye simu tangazo la watu wanaoahidi kusoma idadi fulani ya vitabu kwa mwaka. Fundi alilipokea jambo hilo kama aliyeitwa kwenye wito. Mwaka wa kwanza aliahidi hamsini. Alimaliza vinne, na kimojawapo kilikuwa cha maelekezo ya jokofu, alichokitetea kwa hoja kwamba kina jalada na kina mwisho.

Mwaka uliofuata aligundua kuwa kinachokosekana ni kanuni. Akaweka changamoto ya vitabu vinene, kurasa mia tano kwenda juu, ambayo kwa masikitiko ilikiacha nje cha shemeji kwa kurasa themanini na nane. Ukaja mwaka wa waandishi marehemu; shemeji, kwa neema ya Mungu, alikuwa mzima wa afya. Ukaja mwaka wa waandishi wanawake, na hapo hapakuwa na la kujadili. Mwaka wa alfabeti ndio ulioleta kasheshe. Alianza A vizuri, akapita B, akafika Ch, na kwenye orodha nzima kilichoanza na Ch kilikuwa kimoja tu, nacho ni Cha Shemeji. Fundi alisimama. Alianza kuchunguza kama Ch ni herufi moja au ni mbili, akazipekua kamusi, akamwandikia mwalimu aliyemfundisha sekondari, akapata majibu mawili yanayopingana, na utafiti huo ukamfikisha salama mwezi wa kumi na mbili.

Mkewe alikuwa amekisoma kitabu cha kaka yake zamani. Fundi alimchimba mara nyingi amdokeze angalau kama ni kizuri. Jibu lilikuwa moja siku zote: yeye hasimulii watu vitabu, vimeandikwa visomwe.

Mwaka huu, wa kumi na moja tangu kitabu kifike, fundi alitangaza changamoto aliyoiita ya ukweli. Atasoma orodha yenyewe, kwa mpangilio, bila kuruka. Mkunga akaweka kijiko chini. Kisha fundi akafafanua kwamba ataanzia mwisho kwenda mwanzo, namba mia mbili na kumi na nne ikitangulia.

"Unasoma vinne kwa mwaka," mkewe akasema baada ya kupiga hesabu kichwani. "Una miaka hamsini na saba. Kaka yangu utamfikia ukiwa na miaka mia moja na kumi. Nitamwambia asiwe na haraka."

Mambo yangebaki hivyo kama si kadi.

Mtu akija kupimwa miwani ya kusomea hupewa kadi yenye maandishi ya ukubwa mbalimbali, aisome kwa sauti huku fundi akibadilisha lenzi. Miaka sita nyuma kadi ya zamani ilichakaa, herufi zikafifia hata mwenye macho ya mwewe hazioni. Fundi alihitaji ukurasa uliokolea wino. Asubuhi moja ya mwaka huo, kwa ajabu, alikuta kitabu cha shemeji ndani ya mkoba wake, kimewekwa na mkono ambao haukutaka kujulikana lakini ulinuka dawa ya hospitali. Alikifungua popote tu, akapenda uchapaji, akafunika kichwa cha ukurasa kwa karatasi nyeupe, akapiga fotokopi ya ukurasa wa themanini na saba katika saizi tatu, akaivalisha plastiki ngumu. Jioni alikiacha kitabu juu ya kitanda, na asubuhi kilikuwa kimekwisha kurudi mvunguni, nyuma kabisa. Alijihisi ametimiza wajibu fulani, ingawa hakuweza kusema ni upi.

Tangu siku hiyo mji wote ulisoma ukurasa huo. Mwanamke amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Hatua zilizokuwa zikija nje zimekoma. Anavuta pumzi. Na mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kabisa, ulisema: Alijua kwamba akifungua. Basi. Kadi imekwisha.

Fundi aliusikia mara elfu na zaidi, lakini sikio la fundi haliko kwenye maana. Alijua neno "pumzi" huwakwamisha wa lenzi moja na nusu, na anayepita kwenye "komeo" bila kusita hastahili kuuziwa miwani. Wateja ndio walioteseka. Mwoka mikate wa mtaa wa pili alirudi mara tatu kulalamika fremu inambana, na kila mara aliuliza kama yule mwanamke alifungua. Dereva wa lori alimwambia wazi kwamba huu ni mtego wa kibiashara. Fundi aliwajibu wote jibu moja, kwamba kadi ni ya kupimia macho tu, na biashara kwa kweli haikudorora.

Shemeji peke yake hakuwahi kuiona kadi hiyo, kwani alikuwa na imani thabiti kwamba macho yake ni mazima na wachapaji ndio walioharibika. Magazeti alikuwa akiyasoma kwa kunyoosha mkono, kisha mikono miwili, kisha akiyaegemeza dirishani. Kilichomvunja ni kadi ya harusi. Aliisoma tarehe tatu, akavaa suti, akabeba zawadi, akakaa saa nzima katika ukumbi mtupu pamoja na mlinzi. Harusi ilikuwa tarehe nane. Jumanne iliyofuata akaingia dukani na kusema kwa ukali kwamba amepita tu.

Fundi alimkalisha kwenye kiti, akamvika fremu ya kupimia, akampa kadi. Mkono ulikwisha kuitoa kadi ndipo akili ikamkumbusha kadi ilitoka wapi. Alichelewa, kama desturi yake.

Shemeji alianza kusoma. Hakukwama kwenye "pumzi". Hakusita kwenye "komeo". Sauti ilikuwa tulivu, inapanda na kushuka mahali pake, hata mwoka mikate aliyekuwa akisubiri kwenye benchi aliacha kujipepea. Akafika mstari wa mwisho.

"Alijua kwamba akifungua," shemeji akasoma, "hataweza tena kusema kwamba hakuwa akimngoja."

Fundi akaitazama kadi. Kadi ilikuwa imekwisha maneno sita nyuma. Kwa upande wa macho kipimo hicho hakikuwa na faida yoyote, kwani shemeji alikuwa ameyafumba.

Alipoyafumbua yalikuwa na maji. Akaishika ile kadi kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya plastiki iliyochubuka kwa miaka sita ya vidole vya watu.

"Kumbe ulifika mpaka hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilidhani uliishia ukurasa wa arobaini."

Fundi aliuliza kwa nini arobaini.

"Unajua kwa nini, shemeji."

Fundi, ambaye hakujua, akatikisa kichwa kama anayejua sana. Shemeji akauliza kama amemsamehe. Fundi akasema yamepita. Lilikuwa jibu la kiungwana, ila na yeye angependa kuambiwa yamepita yapi. Shemeji akamshika bega, akasema Jumamosi akija kuchukua miwani watazungumza vizuri, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo amelisubiri miaka kumi na mmoja. Akatoka, akagonga kizingiti kwa sababu bado amevaa fremu ya kupimia, akarudi kuivua, akaenda.

"Kwa hiyo alikuwa akimngoja," mwoka mikate akasema kutoka kwenye benchi. "Akimngoja nani?"

Zilibaki siku nne. Fundi alipiga hesabu ya mambo mawili yanayoweza kutokea Jumamosi. Akidanganya, ataulizwa habari za ukurasa wa arobaini na uongo wake hautafika wa arobaini na moja. Akisema kweli, mtu aliyelia juu ya ile kadi atajua kwamba alililia fotokopi tu, na ubao wa drafti utabaki kabatini. Njia ya tatu ilikuwa ukutani, nyuma ya vitabu mia mbili na kumi na vitatu.

Jumatano alfajiri mkewe alipoamka alimkuta amesimama kando ya kitanda, mkono kiunoni, akiutazama mvungu. Fundi alimwomba kwa upole amtolee kile kitabu cha nyuma kabisa.

"Mimi nazalisha watoto, Mkurugenzi," akasema mkunga akifunga kanga. "Vitabu sizalishi. Inama."

Aliinama. Kiuno, kwa aibu, hakikusema kitu.

Alikisoma dukani kati ya mteja na mteja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara alitamani wateja wapungue. Kurasa ishirini za kwanza zilihusu mgogoro wa mpaka wa shamba, zimeandikwa na mtu anayeamini kila msomaji angependa kujua pembe kwa digrii. Fundi alianza kuandaa maneno ya huruma. Kisha akafika wa arobaini.

Katika ukurasa wa arobaini alikuwamo fundi saa. Alitengeneza saa za mji mzima na ya kwake imesimama. Kila mwanzo wa mwaka alipiga mistari kwenye daftari, kwa rula na wino mwekundu, akaandika atakayoyafanya, na mistari hiyo ilinyooka kuliko kitu chochote maishani mwake. Watu wote walimpenda, kitabu kilisema, na hakuna aliyemngoja.

Fundi akafunga kitabu. Mteja wa saa nne aliondoka na lenzi ya kulia katika jicho la kushoto, kosa ambalo fundi hakulifanya tangu akiwa mwanagenzi, na ikabidi amkimbilie barabarani.

Wakati wa chakula cha jioni aliuliza kama mkewe alijua habari za fundi saa. Mkunga akasema kujua ndiyo, maana mswada aliupitia yeye.

"Ile rula na wino mwekundu je?"

"Hivyo nilimwongezea mimi," akasema. "Yeye alikuwa ameandika kalamu tu. Endelea kusoma."

Kwa hasira aliendelea, maana alitaka kujua anatukanwa mpaka wapi. Alisoma mpaka usiku wa manane. Fundi saa aliahidi kumtengenezea saa mwanamke mmoja, akaichukua, akapotea nayo, akasahaulika. Mji ukamcheka mwanamke, saa imekwenda na fundi wake. Mwanamke akasema hata haikumbuki. Na Alhamisi asubuhi fundi miwani akafika kwenye ukurasa alioujua kwa moyo, komeo, pumzi, hatua zilizokoma, na safari hii aliyasikia maneno. Aliufungua wa themanini na nane. Nje ya mlango alikuwa fundi saa, saa mkononi, inatembea. Mwanamke alifungua. Alisema maneno mawili tu: Umechelewa. Ingia.

Miaka sita alikuwa ameishika ile kadi mbele ya macho ya watu, akiwauliza wanaona nini, na hakujua kwamba anayesubiriwa pale nje ni yeye. Alisahau kunywa chai. Alimaliza kitabu Ijumaa saa kumi jioni, pamoja na mgogoro wa pili wa mpaka, ambao hata baada ya kusamehe yote bado ulikuwa mrefu mno.

Jumamosi saa saba shemeji akaja. Alivaa miwani yake mpya, akashangaa kwamba mtaa wa ng'ambo una mabango. Kisha akakaa, akaweka ubao kati yao, akauliza waanzie wapi.

"Nimekimaliza jana," fundi akasema.

Shemeji akacheka, akidhani amekirudia.

"Jana ndiyo mara ya kwanza. Ile kadi nilifungua tu popote, shemeji. Nilitaka wino uliokolea."

Shemeji aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, kitu ambacho siku nyingine fundi angemkemea, akaivaa tena kama anayetaka kuona vizuri alichoambiwa.

"Kwa hiyo miaka yote hii hukuwa umekasirika."

"Nilikuwa sijasoma."

"Na mimi miaka kumi na mmoja nakuachia ushinde drafti," akasema shemeji polepole, "kwa kuwa nilidhani nimekuvunja moyo."

Pigo hilo lilikuwa zito kuliko la ukurasa wa arobaini. Fundi aliuliza, kwa sauti isiyo yake, kama ni michezo yote.

"Kuna mmoja ulishinda mwenyewe. Nilikuwa na homa."

Wakatazamana. Fundi alikuwa na mengi ya kusema: kwamba pembe na digrii zipunguzwe, kwamba ukurasa wa themanini na nane ameusoma mara nne, kwamba aliogopa kitabu kibovu akakimbia kizuri. Badala yake alisimama, mikono ikining'inia, kama mteja anayesubiri kupimwa. Shemeji alianza kuzipanga kete, za kwake kwanza, kisha, baada ya kufikiri, na za fundi.

"Umechelewa," akasema. Akamsogezea kiti kwa mguu. "Keti."

Walizungumza kitabu kizima, na huku wakizungumza fundi alifungwa mara tano mfululizo kwa mtindo ambao hakuwa amewahi kuuona. Kumbe ubao ule una kona nyingi kuliko alivyodhani. Mwoka mikate alipopita kuuliza kwa mara ya nne nani alikuwa nje ya mlango, fundi alimjibu kwamba yeye hasimulii watu vitabu, ila mwenye kitabu ni huyu hapa, na ana katoni nne mvunguni mwa kitanda chake. Shemeji akanyanyuka mwenyewe kwenda kuinama.

Jioni fundi alitoa daftari, rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya maneno mawili ya mwanzo. Ulinyooka. Mkewe, aliyekuwa amerudi zamu na miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya moto, aliuliza kwa hiyo Mkurugenzi mwaka huu amesoma vingapi.

"Kimoja."

"Cha ngapi?"

"Cha kwanza," akasema fundi miwani.